Plake mpya: nani anaisoma?



Tangu majirani zetu wa Uganda waanze kubadilisha plake za magari yao, habari hiyo haikosi katika mazungumzo ya Bunia. Inaeleweka. Sabuni, simenti, mafuta ya kula, vitu vingi vinatufikia kwa malori yanayopita Mahagi, na wafanyabiashara wetu wanaokwenda Kampala hawarudi na mizigo tu, wanarudi na maneno pia. Mmoja anasema plake mpya ina mashini ndani yake inayosikiliza watu. Mwingine anasema ukienda mbio, kabla hujafika nyumbani deni limeshaandikwa. Wa tatu anacheka: “Kwetu hata ile ya kawaida bado tunaingoja.” Tumeyasikia hayo sokoni, na mbele ya mlango wa shule wakati wazazi wanangoja watoto, na katika mkutano wetu pia. Tukaona heri tuandike. Jambo hili linaonekana kama la wanaume wenye magari, kumbe linatuhusu sana sisi tunaokaa nyuma ya pikipiki, mtoto mbele yetu na mzigo mapajani.

Tuanze na habari yenyewe, kwa sababu ikipita midomo kumi inafika imekuwa nyingine. Mwezi wa sita mwaka 2018, mbunge wa mji wa Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi karibu na nyumba yake upande wa Kampala, na waliomuua walikuwa juu ya pikipiki. Arua si mbali na sisi. Ndugu zetu wa Aru wanaenda kuuza kule na kurudi. Mwezi huohuo Rais Museveni aliwaambia wabunge kwamba magari na pikipiki zote zitapewa plake za elektroniki, ili mtu akiua na kukimbia, njia aliyopita ijulikane. Mwaka 2021 serikali yake ilifanya mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security. Mwezi wa 11 mwaka 2023 kazi ikaanza, kwanza kwa magari ya serikali.

Watu waliipokeaje? Si kwa sauti moja. Kuna waliosema afadhali, maana wamechoka kuzika watu waliouawa na pikipiki isiyojulikana. Kuna waliouliza kwa nini mwenye gari alipie tena kitu ambacho alishakilipia. Na kuna walioogopa kwamba serikali itajua kila mtu amelala wapi na amemtembelea nani. Shirika la Human Rights Watch lilisema wazi, mwezi uleule wa 11, kwamba mpango huo ni hatari kwa haki za watu. Kisha mwezi wa sita mwaka 2025 ikaja amandi ya mashini: anayepita mwendo ulioruhusiwa anapigwa picha, namba yake inasomwa, na deni linaandikwa, shilingi 200,000, na akizidisha sana, 600,000. Hiyo ya pili, kwa dola, inapita 150. Kelele zilikuwa kubwa hata baada ya siku chache serikali ikasimamisha amandi hizo ili ziangaliwe upya.

Kenya nayo ilipita njia hiyo. Tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 2022, Rais Uhuru Kenyatta alizindua plake mpya zenye alama ambazo mwongo hawezi kuziiga kirahisi, na bei ikawekwa shilingi 3,000. Pale pia sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, na pale pia wenye magari waliuliza kwanza: kiasi gani, na lini?

Sisi Wakongomani tusijifanye wageni katika jambo hili. Plake zetu zimebadilika zaidi ya mara moja. Wazee wanakumbuka wakati wa Zaire, gari likivuka mpaka lilibeba herufi nyingine. Leo ni CGO. Wanakumbuka plake zilizotangaza jimbo kwa herufi, kama KN ya Kinshasa. Baadaye ikaja hii tunayoijua sasa: namba nne, herufi mbili, na mwishoni namba ya jimbo. Kinshasa ni 01. Na mwaka 2015, Ituri ilipotoka katika Jimbo la Mashariki na kuwa jimbo lenyewe, kulikuwa na watu hapa mjini waliotaka sana gari lao lionyeshe Ituri, kama vile mtoto anavyotaka jina lake liandikwe juu ya daftari. Wengine walisema heri lisionyeshe kitu, kwa sababu katika barabara zetu tumeona mtu akiulizwa anatoka wapi kabla ya kuulizwa jina lake. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema hivyo. Kibao kidogo cha chuma kinaweza kugusa kidonda kikubwa.

Lakini tukiacha rangi na herufi, malalamiko tunayoyasikia Bunia ni mawili, na tunayaheshimu yote mawili.

La kwanza ni la wenye pikipiki. Baba mmoja jirani yetu alilipa kila kitu alichoambiwa alipe, akapewa kikaratasi, akaambiwa angoje. Alikiweka kikaratasi katika plastiki. Miezi ikapita, mvua ikapita, wino ukafifia, na kila aliposimamishwa barabarani aliambiwa kwamba kikaratasi si plake. Akirudi ofisini anaambiwa bado. Mtu wa namna hii, ukimwambia kwamba plake ni nzuri kwa usalama, anakutazama tu.

La pili ni la vijana wanaoziendesha. Kijana mmoja aliyekimbia Djugu, ambaye sasa analisha wadogo zake kwa kazi hiyo, alituambia bila hasira: “Mama mwalimu, pikipiki si yangu. Jioni ninampa mwenyewe pesa yake, inayobaki ndiyo ugali. Nikiwa na plake watatafuta kofia. Nikiwa na kofia watatafuta karte roze. Hawakosi kitu cha kutafuta. Sasa plake inanisaidia nini mimi?”

Swali lake limekaa nasi siku nyingi, kwa sababu ni swali la kweli. Na jibu tulilolipata ni hili: plake haikutengenezwa ili imsaidie anayeibeba.

Angalia ilikoanzia. Mwaka 1893, polisi wa mji wa Paris kule Ufaransa waliamuru kila gari la mashini libebe kibao cha chuma chenye jina na anwani ya mwenyewe, katika maandishi yanayosomeka. Mwenye gari alikuwa anajua jina lake, hakuhitaji kuandikiwa. Kibao kiliandikwa kwa ajili ya yule aliye nje ya gari: anayetembea kwa miguu, anayeuza kando ya njia, mama anayevusha mtoto. Kama gari limemkanyaga mtu na kuendelea, huyo aliyebaki katika vumbi awe na jina la kutaja. Baadaye magari yakawa mengi, majina yakageuzwa kuwa namba. Maana ni ileile. Serikali inaiuza plake, mwenye chombo anailipa, lakini anayeisoma ni mpita njia.

Sisi watu wa Bunia hatuhitaji kwenda Paris ili tuelewe. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu tulikuwa watoto wa shule katika vita ile iliyofika kilele mwaka 2003. Tulijifunza kusoma magari kabla ya kumaliza kujifunza kusoma vitabu. Gari lenye herufi UN tulilijua. Gari la hospitali tulilijua. Gari lisilo na namba, lililoporwa kwa mtu, lenye vijana wenye silaha nyuma, hilo tulilikimbia hata kabla halijasimama. Hakuna mtu mzima aliyetufundisha. Tulijua wenyewe kwamba kitu kisicho na jina kinaweza kufanya lolote, kwa sababu kesho hakuna atakayekiuliza.

Ndiyo maana inatuuma kuona leo, katika amani hii ndogo tuliyo nayo, tumezoea tena vyombo visivyo na jina. Ukisimama asubuhi penye njia panda yoyote ya mji wetu utaona pikipiki isiyo na plake kabisa. Utaona iliyo na plake iliyokunjwa ikatazama mbinguni. Nyingine imefunikwa na tope ambalo halijafutwa tangu mvua za mwaka jana, au imefungwa kitambaa, eti ili isikwaruzike. Na juu ya hizo wanapanda watoto wetu, wawili au watatu, na mfuko wa daftari.

Mwanafunzi mmoja wa shule yetu, msichana wa miaka tisa, aliangushwa na pikipiki wakati anavuka barabara saa za kurudi nyumbani. Mguu ulivunjika. Aliyemwangusha alisimama, akatazama nyuma, akaona watu wanakuja, akaondoka. Watu zaidi ya kumi waliona. Mama yake alipofika polisi aliulizwa jambo moja tu: namba? Mmoja alisema pikipiki ni nyekundu. Mwingine alisema kijana alivaa jaketi. Pikipiki nyekundu Bunia ni ngapi? Jaketi ni ngapi? Mama alilipa hospitali peke yake, kidogo kwa kuuza kitenge chake, kidogo kwa mchango wetu hapa katika chama. Mtoto alikosa masomo muhula mzima. Hatumchukii yule kijana. Pengine aliogopa kupigwa na watu, na tunajua watu wakikasirika wanafanya nini. Lakini kama namba ingekuwepo, angalau kungekuwa na mahali pa kuanzia. Namba ingemlinda hata yeye, kwa sababu hasira ya watu inapungua pale wanapojua kwamba mtu atapatikana kesho.

Kuna na upande mwingine. Mama mmoja wa chama chetu anayeuza samaki wa Kasenyi alishuka na vikapu viwili, pikipiki ikaondoka na cha tatu. Kwa bahati alikuwa na mazoea ya kusoma namba kabla ya kupanda, mazoea aliyoyapata kwa marehemu mume wake aliyekuwa dereva. Alikwenda kwenye kituo chao, akataja namba nne na herufi mbili. Wenzake wakamjua mara moja. Kabla ya saa sita kikapu kilirudi, na kijana aliapa kwamba hakujua kama kilibaki. Inawezekana ni kweli. Mama alimwamini, akampa samaki mmoja. Hakukuwa na polisi wala mashini ya kutoka Urusi, kulikuwa na plake iliyosomeka, mama aliyeisoma, na watu kituoni walioitika.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kati yetu na mazungumzo ya majirani. Kule wanabishana kama plake iwafuate watu mpaka wapi. Ni mabishano ya haki, na siku moja yatatufikia. Sisi tungeomba kwanza jambo dogo zaidi: plake ambayo jirani anaweza kuisoma. Hatuhitaji namba inayojua tumelala wapi. Tunahitaji namba ambayo mtoto wa mwaka wa tatu anaweza kuitaja akiulizwa ni nani aliyemleta.

Kwa hiyo siku wakubwa wetu watakapotaka kutuletea plake nyingine mpya, na siku hiyo haikosi kuja, sisi mama tusiulize kwanza kama rangi ni nzuri. Tuulize kama inasomeka jioni, kwa macho ya kawaida, pikipiki ikiwa inaondoka. Bei yake je, inamwezekana kijana anayebaki na pesa ya ugali tu? Na atakayelipa atapewa chuma, au atapewa kikaratasi na neno la “angoje”? Zaidi ya yote tuulize hili: mama akipeleka namba mahali panapohusika, kuna mtu atakayefungua kitabu na kumjibu? Kama hakuna, plake itabaki kuwa kodi iliyopigiliwa nyuma ya pikipiki, na yule kijana wa Djugu atakuwa na haki ya kutuuliza tena inasaidia nini.

Wakati tunangoja majibu hayo, kuna kazi ambayo haingoji serikali.

Katika kalasi yetu tumeanza mchezo mdogo. Asubuhi, kabla ya hesabu, kila mtoto anataja namba moja aliyoisoma njiani. Mwanzoni walikuja na namba moja au mbili, zingine zimepotea. Tukawafundisha kuzikata kwa mbili mbili: si nne, saba, moja, mbili, bali arobaini na saba, kumi na mbili. Kichwa cha mtoto kinabeba vitu viwili kwa urahisi kuliko vinne. Halafu wanaongeza herufi mbili kwa kuzipa jina la kitu: B na M ni Bibi na Mbuzi. Wanacheka sana, na kesho yake hawajasahau. Siku moja mtoto aliuliza: “Madamu, na ile ambayo haina namba, niseme nini?” Tukamwambia aseme “haina”. Sasa “haina” imekuwa jibu linalosikika kila asubuhi, mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Nyumbani mnaweza kufanya vivyo hivyo bila kitabu na bila pesa. Plake ya pikipiki iko nyuma, na sisi tunapandia upande, ndiyo maana hatuioni. Zunguka kwanza. Soma kwa sauti, kijana asikie kwamba umesoma. Hakuna tusi hapo. Mtoto anapopelekwa shule peke yake, msome namba pamoja naye kabla hajapanda. Msichana anayerudi jioni amtumie mama namba kwa simu, hata kwa kubip na kuisema haraka. Na kama tope limefunika plake, chukua kitambaa ufute mwenyewe, huku ukimsalimia mwenye pikipiki kwa heshima. Wengi wa vijana hawa ni watoto wetu. Waliacha shule kwa sababu ya vita, si kwa sababu ya ubaya. Mama akifuta plake ya kijana na kumwambia “jina lako zuri, usilifiche”, anakuwa amesema jambo ambalo amandi haijui kulisema.

Tunajua kwamba pikipiki isiyo na plake mara nyingi ndiyo ya bei rahisi, au ndiyo iliyo karibu wakati mvua inakuja. Hatuwezi kumlaumu mama aliyechelewa hospitali kwa kupanda iliyopo. Lakini pale ambapo tunaweza kuchagua, tuchague ile yenye jina. Vijana ni wafanyabiashara, na mfanyabiashara anasikia mteja haraka kuliko anavyosikia tangazo. Wakijua kwamba mama wa Bunia wanazunguka nyuma kabla ya kupanda, vitambaa vitaondoka vyenyewe.

Basi kazi ya juma hili, kwa kuwa mwalimu haagi bila kuacha kazi. Kila mmoja wetu asimame dakika kumi, asubuhi moja, kwenye njia panda iliyo karibu na kwake. Ahesabu pikipiki hamsini zinazopita. Aandike ngapi zina plake inayosomeka, ngapi zina plake isiyosomeka, na ngapi hazina. Siku ya posho tutaleta hesabu hizo mkutanoni, kartie kwa kartie, tuziandike ubaoni, na tuwaite viongozi wa vituo vya pikipiki waje wazione pamoja nasi. Tusiende kwao wala kwa wakubwa na malalamiko matupu. Twende na hesabu.

Msisahau kalamu.